Namna ya Kusaidia Eneo la Kihistoria la Hifadhi ya Taifa Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mwananchi wa Kawaida

Frederick Douglass alipofariki tarehe 20 Februari 1895, nyumba yake ya Cedar Hill, iliyoko juu ya kilima cha Anacostia mjini Washington, iliingia mashakani. Mzee huyu alizaliwa mtumwa huko Maryland, akatoroka mwaka 1838, akaja kuwa msemaji mashuhuri kuliko wote wa watu weusi wa Marekani katika karne yake. Nyumba alimwachia mkewe, Helen, lakini wosia ulikosa idadi ya mashahidi iliyotakiwa kisheria, na nyumba ikawa ya warithi wote. Helen akakopa, akawalipa wenzake sehemu zao, akawa anazunguka kutoa mihadhara ili alipe deni. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likaidhinisha chama cha kuitunza nyumba hiyo. Mwaka 1903 Helen naye akafariki, na deni lilikuwa bado halijaisha.

Waliolimaliza ni wanawake. Shirikisho la vilabu vya wanawake weusi, chini ya uongozi wa Mary Talbert, lilichangisha senti na dola nchi nzima. Mwaka 1918 walikutana Denver wakaichoma hati ya rehani mbele ya mkutano, huku Madam C. J. Walker, yule tajiri wa vipodozi vya nywele, ameshika mshumaa. Serikali ilikuja kuipokea nyumba mwaka 1962, deni lenyewe likiwa limesahaulika. Leo mgeni akiingia chumba cha kulala anayakuta hata yale mavyuma ya mazoezi aliyokuwa akinyanyua mzee Douglass.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina somo ambalo wengi wetu tunalikosa tunapotaka kusaidia. Wanawake wale walijiuliza nyumba ina shida gani hasa, wakaona shida ni deni, wakalipa deni. Hawakupeleka maua. Mwongozo huu wote unasimama hapo: toa kile ambacho eneo linakihitaji, hata kama si kile unachopenda wewe kutoa.

Kwanza, jua unasaidia nini

Ukitaja hifadhi za taifa za Marekani, watu wengi huwaza Yellowstone na Grand Canyon. Ila kati ya maeneo zaidi ya 400 yanayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, ambayo iliundwa Agosti 1916, zaidi ya nusu yalitengwa kwa ajili ya historia: nyumba za watu, ngome, viwanja vya vita, shule, viwanda, makaburi. Maeneo haya mengi ni madogo. Mengine yana wafanyakazi wa kuhesabika vidole, na hao hao ndio wanaoongoza wageni, kukata nyasi, kujibu simu na kulinda nyaraka. Limbikizo la matengenezo yaliyoahirishwa katika hifadhi zote limepita dola bilioni 20. Mwaka 2020 ilipitishwa sheria iliyoruhusu hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya matengenezo kwenye ardhi za serikali kuu, sehemu kubwa ikienda hifadhi za taifa. Fedha hizo zilisaidia, lakini paa la miaka 150 halingoji bajeti.

Kila eneo lina tovuti yake ndani ya tovuti ya Idara. Tafuta humo waraka wa msingi (Foundation Document) wa eneo hilo. Ni waraka usiosomwa na wageni wengi, nami nauona kuwa ndio wenye faida kuliko yote: unaeleza eneo lilitengwa kwa nini, mambo gani hayaruhusiwi kupotea, na mipango au takwimu gani bado hazijapatikana. Ukiusoma kwa nusu saa, utaongea na wahifadhi kama mtu anayejua anachokiulizia.

Kisha waandikie. Barua pepe nyingi wanazopata zinasema tu "ningependa kusaidia", na hizo ni ngumu kuzijibu, kwa sababu anayezisoma hajui akupe nini. Andika hivi badala yake: "Naishi dakika arobaini kutoka hapo. Ni fundi seremala. Nina Jumamosi mbili kila mwezi kuanzia Machi hadi Oktoba. Mna kazi gani ambayo kila mwaka inasogezwa mbele kwa kukosa mtu?" Sentensi nne tu. Zinamwambia msomaji uko wapi, unajua nini na una muda kiasi gani. Lile swali la mwisho ndilo muhimu, maana kazi inayosogezwa mbele kila mwaka ndiyo pengo lenyewe.

Jibu likichelewa wiki mbili tatu, usikate tamaa wala usinune. Kumbusha kwa upole.

Pili, jitolee kwa mikono yako

Sheria ya mwaka 1970 ndiyo iliyofungua mlango wa wananchi kujitolea rasmi katika hifadhi za taifa. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya Volunteer.gov, ambako unaweza kutafuta kwa jimbo au kwa aina ya kazi. Nyingine hazifiki huko kabisa, zinapatikana kwa kuuliza tu, ndiyo maana ile barua inatangulia.

Ukikubaliwa utasaini mkataba wa kujitolea unaotaja kazi utakayofanya. Usiuchukulie kama karatasi ya kupitisha siku. Ukiumia ukiwa unafanya kazi iliyoandikwa humo, unahesabiwa kama mfanyakazi wa serikali kuu kwa upande wa fidia ya majeraha. Ukifanya kazi ambayo haimo, umejitoa mwenyewe kwenye kinga hiyo. Kazi ikibadilika, omba mkataba ubadilishwe. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kama wewe si raia wala mkazi wa kudumu, uliza kuhusu viza kabla ya kuanza, kwa sababu kuna mpango maalumu wa wanaojitolea kutoka nje na una masharti yake. Na hesabu saa zako: ukifikisha 250 kwenye ardhi za serikali kuu zinazoshiriki, unastahili pasi ya mwaka mzima ya kuingilia maeneo hayo bila kulipa.

Kazi zipo za kila aina, kuanzia kupokea wageni mlangoni hadi kupanga picha za zamani. Nataka nikae kidogo kwenye mbili, kwa sababu ndizo ambazo nia njema imeharibu mambo mara nyingi.

Ya kwanza ni ukuta wa matofali. Majengo mengi ya zamani ya Marekani yalijengwa kwa matofali laini yaliyoshikizwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko tofali, na inapumua: maji yakiingia ukutani hutokea kwenye viungo, na baada ya miaka mingi viungo ndivyo vinavyoliwa. Hapo fundi hukwangua kidogo, anajaza chokaa mpya, ukuta unaendelea. Sasa anakuja mtu mwenye moyo mzuri na mfuko wa saruji. Saruji inakuwa ngumu kuliko tofali na haipitishi maji. Unyevu ukikosa pa kutokea unapita kwenye tofali lenyewe, msimu wa baridi unaganda ndani, uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Miaka kadhaa baadaye utaona viungo vimesimama imara, vimechomoza nje, na matofali yamechimbika katikati yake. Kiungo kilichoharibika hujazwa tena, lakini tofali lililobanduka halirudi. Kwa hiyo kama wewe ni fundi mwashi, sema hivyo, lakini sema pia kwamba uko tayari kufundishwa kazi ya chokaa. Hata fundi wa miaka ishirini anaanza upya hapo, na si aibu.

Ya pili ni makaburi. Jiwe la kaburi lililojaa ukungu mweusi humtia mtu huruma, naye anakimbilia dawa ya kupausha nguo na brashi ya waya. Dawa hiyo huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hulipasua taratibu kutokea ndani. Brashi ya waya hufuta maandishi ambayo pengine ndiyo kumbukumbu pekee ya jina la mtoto fulani. Kazi sahihi ni ya polepole: kibali kwanza, maji safi mengi, brashi laini isiyo ya chuma, unaanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichirizike kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Jiwe linalomong'onyoka ukiligusa halisafishwi kabisa. Liripoti, liache.

Kama uko mbali, kuna kazi ya mezani

Huhitaji kuishi Marekani kufanya hii. Unahitaji kusoma Kiingereza, intaneti, na subira ya kusoma mwandiko wa mkono wa zamani.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina mafaili zaidi ya 80,000 ya waliodai pensheni baada ya Vita vya Mapinduzi, vile vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, na imeshirikiana na Idara ya Hifadhi za Taifa kuwaalika wananchi wayanakili kwa kuchapa. Mkongwe asiye na karatasi za jeshi alilazimika kusimulia mbele ya hakimu alipigana wapi, chini ya kamanda gani, aliona nini. Wajane nao walieleza ndoa zao, na wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia wakauambatanisha kama ushahidi. Wamo pia watu weusi waliopigana vita hivyo, ambao majina yao hayako kwenye sanamu yoyote. Ukurasa usiochapwa hautafutiki kwa kompyuta, kwa hiyo ni kama haupo. Ukiuchapa, mhifadhi wa uwanja wa vita anaweza kuupata kwa kuandika jina la kijito tu.

Utaratibu ni mwepesi: unafungua akaunti, unachagua faili, unachapa unachokiona. Kanuni ya kushika ni moja: usimsahihishe mwandishi. Kama aliandika neno kwa makosa, liandike na makosa yake. Neno usiloweza kulisoma liwekee alama wanayoelekeza wenyewe, usibuni. Ukianza utasoma mstari mmoja kwa dakika tano. Baada ya kurasa kumi jicho linazoea herufi za mtu yule, na kazi inaanza kukimbia. Maktaba ya Bunge nayo ina mpango wa namna hiyo tangu 2018.

Fedha: ndogo, ya mara kwa mara, na yenye anwani

Maeneo yanayotoza kiingilio hubaki na angalau asilimia 80 ya fedha hizo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2004. Habari njema, isipokuwa maeneo mengi ya kihistoria hayatozi kiingilio. Kwa hiyo eneo lililo wazi kwa wote halipati chochote mlangoni, na sanduku la michango pale ukumbini lina uzito kuliko linavyoonekana.

Njia ni hizi. Kuna National Park Foundation, taasisi ya hisani iliyoanzishwa na Bunge mwaka 1967 kwa ajili ya hifadhi zote. Kuna vikundi vya marafiki, ambavyo kila kimoja kinahudumia eneo moja au machache. Kuna pia vyama visivyo vya faida vinavyoendesha maduka ya vitabu ndani ya hifadhi, ambako sehemu ya mauzo hurudi kwenye elimu na utafiti wa eneo. Nikipewa nafasi ya kushauri, ningesema anza na kikundi cha marafiki. Kipo karibu na tatizo, na dola hamsini zako zinaonekana.

Kabla ya kutoa, fanya mambo mawili. Angalia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya Marekani kama kikundi kimesajiliwa kuwa cha hisani, kisha fungua taarifa yake ya fedha ya mwaka, ambayo ni ya wazi kwa umma, uone kiasi gani kilifika kwenye hifadhi. Halafu muulize mhusika kama kikundi kina makubaliano rasmi na hifadhi, maana si kila kinachotumia jina la eneo kinatambuliwa na eneo lenyewe.

Swali linalobaki ni kama uifunge fedha yako kwa kazi maalumu au uiache huru. Watu hupenda kuifunga: "hii ni ya kurekebisha dirisha la mbele." Ni sawa kama wao ndio wameomba dirisha. Lakini mara nyingi kinachokwamisha ni vitu ambavyo hakuna anayevichangia, kama mashine ya kupunguza unyevu kwenye stoo ya nyaraka, au nauli ya basi la wanafunzi. Ukiwa na imani na kikundi, iache fedha huru, na itoe kidogo kidogo kila mwezi. Dola kumi kila mwezi humwezesha mtu kupanga kuliko dola mia na ishirini zinazodondoka mara moja bila taarifa.

Ukipendezwa na kazi ya mhifadhi aliyekutembeza, usimpe fedha mkononi. Haruhusiwi kuipokea, unamtia majaribuni bure. Andika barua ya shukrani kwa mkuu wa eneo ukimtaja kwa jina.

Una kitu cha kale nyumbani?

Barua ya babu, picha ya shule iliyogeuzwa eneo la kihistoria, kifungo cha sare. Usikipeleke bila kuuliza, na usikitume kwa posta. Kila eneo lina waraka unaotaja linakusanya nini, na kitu kikiwa nje ya hapo hukataliwa hata kama ni kizuri. Wakikikubali utasaini hati ya kukabidhi, na kuanzia hapo si chako tena. Hawaahidi kukiweka kwenye maonyesho, wala hawakupi makadirio ya thamani yake. Kama unayahitaji kwa ajili ya kodi, tafuta mthamini wa kujitegemea mapema.

Tafadhali usikisafishe kwanza. Usibandike selotepu kwenye karatasi iliyochanika, usiipitishe kwenye plastiki ya moto. Andika unachokijua: nani yuko kwenye picha, ilipigwa wapi, uliipataje. Hiyo karatasi ya maelezo wakati mwingine ina thamani kupita picha. Na kama huna kitu chochote lakini una kumbukumbu, uliza kama wanarekodi masimulizi ya wazee. Mpeleke bibi yako mapema.

Toa maoni panapotakiwa maoni

Mwaka 1991, wajenzi wa jengo la ofisi za serikali kuu huko Manhattan walikuta makaburi. Lilikuwa eneo la maziko la Waafrika, watumwa na huru, wa New York ya kikoloni. Uchimbaji uliendelea, mifupa ikatolewa, hadi wakazi weusi wa jiji walipopaza sauti, wakakesha, wakabana wabunge. Mwaka 1992 uchimbaji ukasimamishwa, na sehemu ya jengo ikafutwa kwenye ramani. Watu 419 waliokuwa wamefukuliwa walizikwa upya mwaka 2003, na mwaka 2006 pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Umma usingesema, pale pangekuwa na ofisi tu.

Siku za kawaida hazina kishindo hicho, lakini mlango ni ule ule. Hifadhi ikitaka kujenga maegesho, kubadili njia au kubomoa kitu, hutangaza mpango kwenye tovuti yake ya mipango na kupokea maoni, mara nyingi kwa siku 30. Jua jambo hili: maoni si kura. Barua elfu moja zinazosema "tunapinga" zinaweza kuzidiwa na barua moja inayosema "ramani yenu ukurasa wa 12 inaonyesha maegesho juu ya msingi wa jiko la zamani, je, mmechunguza upande wa mashariki wa barabara?" Taja ukurasa, taja athari, pendekeza mbadala. Kumbuka pia kwamba jina na anwani utakayoweka vinaweza kuwekwa wazi kwa umma.

Chini ya sheria ya uhifadhi wa historia ya mwaka 1966, mtu au kikundi chenye uhusiano wa kweli na eneo, kama wazao wa waliozikwa pale, kinaweza kuomba kwa maandishi kuwa miongoni mwa wanaoshauriwa rasmi. Hicho ni kiti mezani. Kiombeni mapema, kabla michoro haijakamilika.

Na kwa kuwa bajeti hupangwa na Bunge, piga simu ofisi ya mbunge wa wilaya unakoishi. Dakika mbili zinatosha: taja jina la eneo, taja jambo moja mahususi, omba moja.

Unapotembelea

Hapa sina mengi. Usiguse ukuta wala fanicha, mafuta ya vidole hula rangi na mbao. Kifaa cha kutafutia madini ardhini hakiruhusiwi ndani ya hifadhi, na droni vilevile. Ukiona risasi ya zamani au kigae kimechomoza baada ya mvua, usikiokote: kitu cha kale kikiondolewa mahali kilipolala kinapoteza nusu ya maelezo yake, na sheria ya mwaka 1979 inakuhesabu mwizi. Kipige picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, shika alama ya mahali, mwambie mhifadhi. Usiweke picha hiyo mtandaoni ikiwa na mahali ilipopigwa, maana wapo wanaosubiri hivyo hivyo.

Uanze lini

Jumamosi ya nne ya Septemba ni siku ya taifa ya ardhi za umma, ambapo maeneo mengi huwa na kazi za pamoja zisizohitaji uzoefu, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kufahamiana na wahusika kabla ya kujifunga kwa mwaka mzima. Januari kuna siku ya Martin Luther King, nayo ni ya huduma.

Kwa aliye mbali, tarehe ni 14 Februari. Douglass, kama watumwa wengi, hakuwahi kujua siku aliyozaliwa, alijichagulia hiyo. Kila mwaka siku hiyo watu hukusanyika, wengine madarasani, wengine kila mmoja kwenye kompyuta yake nyumbani, kunakili nyaraka za historia ya watu weusi, na mwaka 2024 zilikuwa barua zake mwenyewe. Fungua akaunti wiki moja kabla, ujaribu ukurasa mmoja au miwili wa mwandiko mgumu, ili siku yenyewe ikukute umeshazoea.